Mbwa Atafune Nini: Mfupa, Ngozi, Kano, Michembe, Mpira au Kijiti cha Dukani?

Mbwa asiyepewa cha kutafuna hujitafutia mwenyewe: ndala mlangoni, mguu wa kochi, waya wa banda lake. Mbwa wa ulinzi anayefungiwa asubuhi na kufunguliwa usiku ndiye mwenye haja kubwa zaidi, kwa sababu kutafuna kunamtuliza na kumpitishia saa ndefu za upweke. Shida ni kuchagua. Muuza nyama anakupa mfupa, duka la vifaa vya wanyama linakuonyesha fundo jeupe la ngozi, jirani anasema karoti inatosha, na daktari wa mifugo anakuhadithia mbwa aliowapasua.

Kabla ya kulinganisha, kuna vitu naviweka pembeni moja kwa moja, na sitavirudia.

Mfupa uliopikwa, uwe wa kuku, mbuzi, samaki au nyama choma, haufai kwa mbwa yeyote. Moto huukausha na kuharibu kolajeni inayoupa mfupa unyumbufu, hivyo ukivunjika hutoa vichane vyenye ncha vinavyoweza kutoboa koo au utumbo. Mwaka 2017 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo hata kuhusu mifupa iliyokaushwa na kufungashwa viwandani mahususi kwa mbwa, baada ya kupokea taarifa za mbwa waliougua na wengine kufa. Vingine ni gunzi la mahindi na kokwa ya embe. Hivi huonekana havina madhara kwa kuwa vimezagaa uani, lakini hupita kooni kwa urahisi kisha hukwama kwenye utumbo, na mara nyingi njia ya kuvitoa ni kisu cha daktari. Kumbi la nazi huachia nyuzi zinazojisokota tumboni. Kipande cha tairi kina nyaya ndani yake. Pembe na kwato ni ngumu mno kwa meno.

Sasa vigezo. Kila chaguo nimelipima kwa mambo matano yaleyale.

Meno: mbwa mzima ana meno 42, mtoto wa mbwa 28, na linalovunjika zaidi kwa kutafuna vitu vigumu ni gego kubwa la juu linalokata nyama. Kipimo ninachokiamini ni ukucha. Bonyeza kitu hicho kwa ukucha wa dole gumba. Kisipoacha hata alama ndogo, ni kigumu kupita kiasi.

Koo na tumbo: je, kinaweza kumezwa kizima au kuvunjika vipande vikakwama? Kikimezwa, kinayeyuka?

Magonjwa: kwa mbwa, na pia kwa watu wa nyumbani, hasa watoto wanaomshika mdomo na kula bila kunawa.

Lishe: vitafunwa vyote vya siku visizidi asilimia 10 ya nguvu, yaani kalori, anazopata mbwa katika chakula chake.

Mfuko: bei, na kama kitu chenyewe kinapatikana unapoishi.

Juu ya hayo yote kuna tabia ya mbwa mwenyewe, na hii ndiyo inayoamua kuliko yote. Mpe karoti nzima umwangalie. Wapo wapole, wanaoishika kwa miguu ya mbele na kuitafuna polepole. Wapo wavunjaji, wanaoipasua kwa magego kwa nguvu zote. Na wapo wamezaji, ambao karoti hutoweka kabla hujakaa chini. Kitu kilekile kinaweza kuwa salama kwa wa kwanza na kikamuua wa tatu. Ukishajua wako ni wa aina gani, nusu ya kazi imekwisha.

Mfupa mbichi wa buchani

Meno. Tofauti kati ya mfupa na mfupa ni kubwa sana. Mfupa wa paja na wa muundi wa ng'ombe umebeba mnyama wa mamia ya kilo, na hata ukiwa mbichi unaweza kupasua jino la mvunjaji. Kidari, chenye gegedu nyingi, na shingo ya mbuzi vina ulaini unaokubali jino. Kama utatoa mfupa, toa huo.

Koo na tumbo. Kwenye mabucha yetu mengi mfupa hukatwa kwa panga au shoka juu ya gogo, na mpigo huo huacha vichane vikali kabla hata mbwa hajaugusa. Mwambie muuza nyama akupe kipande kizima, kikubwa kuliko mdomo wa mbwa wako. Bucha zenye mashine ya msumeno zina hatari ya namna nyingine: mfupa wa mguu ukikatwa kama pete huweza kuvaa taya la chini na kunasa nyuma ya chonge, ikabidi daktari amlaze mbwa kwa dawa ili aukate.

Magonjwa. Nyama mbichi hubeba bakteria kama Salmonela na E. koli, na friza haiui bakteria, inawasimamisha tu. Lakini jambo ambalo wafugaji wa Afrika Mashariki wanapaswa kulijua kuliko yote ni tegu, mnyoo wa utumboni, aitwaye Ekinokokasi. Mbwa humpata kwa kula mapafu au maini mabichi yenye malengelenge ya maji, mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, na binadamu akiyameza huota uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu. Turkana, kaskazini mwa Kenya, imekuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, kiasi kwamba AMREF, shirika la afya la Afrika, ilianzisha huko mpango wa kupambana na ugonjwa huo mwaka 1983. Mfupa wenyewe si mlango mkuu wa tegu huyu. Mlango ni yale maini na mapafu yaliyokataliwa na mkaguzi wa nyama ambayo mtu hukutilia kwenye mfuko huohuo kwa wema, "ya mbwa". Yakatae. Mfupa wa kibudu, yaani mnyama aliyekufa mwenyewe, nao ukatae, kwa sababu hujui kama alikufa kwa kimeta.

Lishe. Uboho ni mafuta matupu. Mbwa asiyeuzoea huharisha, na mwenye tabia ya kuvimba kongosho anaweza kulazwa. Akila mfupa mwingi, choo chake huwa cheupe na kigumu kama chokaa.

Mfuko. Hakuna cha bei nafuu zaidi, na bucha iko kila mtaa.

Unamfaa mbwa mzima, mpole au mwenye nguvu za wastani, mwenye meno mazuri, anayekula huku mtu akimwangalia, kwenye nyumba isiyo na mtoto mchanga wala mgonjwa. Dakika kumi na tano hadi ishirini zinatosha, kisha mfupa uondoke na sakafu ioshwe kwa sabuni.

Fundo la ngozi

Haya ni yale mafundo na mirija myeupe ya madukani. Hutengenezwa kwa tabaka la ndani la ngozi ya ng'ombe, lililotenganishwa kwa chokaa, likaoshwa, likakunjwa na kukaushwa.

Meno. Ni rafiki kwa meno kuliko mfupa, kwa kuwa mate huilainisha na mbwa huikwangua taratibu, pamoja na sehemu ya ukoga.

Koo na tumbo. Udhaifu wake uko hapa. Ikilowa huwa laini, yenye utelezi, na kipande kikubwa huvutika na kumezwa mara moja. Tumboni huvimba na huyeyuka polepole mno. Mpole atakaa nayo jioni nzima bila tatizo. Mmezaji asiisogelee.

Magonjwa. Ile ya kiwandani hutegemea uaminifu wa mtengenezaji, kwa hiyo soma lebo: nchi ilikotoka, tarehe, na kama imetiwa rangi au dawa ya kung'arisha. Ngozi kavu ya kwenye machinjio yetu ni habari nyingine kabisa. Ngozi za biashara hutiwa chumvi, na nyingine hupakwa dawa ya kuzuia wadudu zisiliwe ghalani. Usimkatie mbwa kipande cha ngozi hiyo hata ukipewa bure.

Lishe. Mafuta kidogo, lakini si chakula cha maana.

Mfuko. Bei ya kati, inapatikana kwenye supamaketi za mijini.

Inamfaa mpole, chini ya macho yako, na uichukue inapobaki fupi kiasi cha kuingia yote mdomoni.

Kano, uume wa ng'ombe, masikio na mapupu yaliyokaushwa

Hili ndilo kundi ninalolipenda zaidi kwa nyumba zetu, ingawa lina masharti.

Meno. Kano iliyokaushwa ni ngumu lakini hupinda, na ukucha huacha alama. Uume wa ng'ombe, ambao madukani huja kama fimbo ya kahawia iliyonyooka, ni hivyohivyo. Masikio ni laini zaidi. Mapupu, yaani mapafu, yaliyokaushwa huvunjika kama biskuti, kwa hiyo hayamshughulishi mbwa kwa muda mrefu.

Koo na tumbo. Vyote ni protini inayomeng'enywa vizuri kuliko fundo la ngozi. Hatari iko mwishoni, pale kipande kinapobaki cha urefu wa kidole na mbwa akaamua kukimaliza kwa kukimeza. Kinyang'anye mapema, kwa kumbadilishia na kitu kitamu zaidi mkononi, ili asijifunze kumeza kila anapokuona unasogea.

Magonjwa. Kukaushwa si kupikwa. Mwaka 2019 huko Marekani yalilipuka maambukizi ya Salmonela yaliyohusishwa na masikio ya nguruwe ya mbwa, na watu 154 katika majimbo 34 waliugua. Hao waliohesabiwa ni watu, si mbwa. Walio wengi ukanda wetu wa pwani hawaingizi kitu cha nguruwe nyumbani hata hivyo, na masikio ya ng'ombe yanafanya kazi ileile, lakini sharti la kunawa mikono ni lilelile. Mapupu yana sharti la ziada kwa sababu ya yule tegu wa Turkana: yachemshe yatokote nusu saa nzima kabla ya kuyakausha, kwani utafiti umeonyesha muda huo ndio unaoua kabisa vimelea vilivyo ndani ya malengelenge. Ukinunua koromeo la ng'ombe, mwambie muuza nyama aondoe tezi ya shingo (thairoidi) na nyama inayolizunguka, kwa maana homoni ya tezi ile huweza kumvuruga mbwa akiila mara kwa mara. Mwaka 2017 vyakula kadhaa vya mbwa vilirudishwa viwandani Marekani kwa sababu hiyo hasa.

Lishe. Watu hudharau hesabu hapa. Watafiti wa vyuo vikuu vya Tufts, Marekani, na Guelph, Kanada, walipima fimbo 26 za uume wa ng'ombe na kuchapisha matokeo mwaka 2013: fimbo ya sentimita 15 ilikuwa na wastani wa kalori 88. Kwa mbwa wa kilo 22 hivi hiyo ni karibu asilimia 9 ya mahitaji ya siku, yaani haki yake yote ya vitafunwa. Kwa mbwa mdogo inafika karibu asilimia 30. Baadhi ya fimbo hizo zilikutwa na bakteria pia.

Mfuko. Za dukani ni ghali. Lakini kano mbichi huuzwa kwa bei ndogo machinjioni, na kuzitengeneza si kazi kubwa: chemsha, katakata vipande virefu, kausha kwenye oveni ya moto mdogo au juani chini ya chandarua safi ili nzi wasitue. Weka kwenye friji, maana hewa ya Dar es Salaam au Mombasa itavipandisha ukungu kabla ya wiki kuisha.

Vinamfaa mvunjaji mwenye nguvu na mbwa wa kati au mkubwa anayetumia nguvu nyingi. Mmezaji apewe kipande kirefu ukikishikilia mwenyewe upande mmoja.

Karoti na michembe

Meno. Salama. Karoti ya baridi kutoka friji hutuliza ufizi wa mtoto wa mbwa anayebadilisha meno. Michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa kama wafanyavyo Wasukuma, na ambavyo Wateso wa Uganda huviita amukeke, huwa vigumu vikikauka sana. Vipime kwa ukucha, na ukiona ni vigumu viloweke kidogo. Ukitengeneza kwa ajili ya mbwa, vichemshe kidogo kwanza, vikate unene wa nusu sentimita, na uache kukausha vikiwa bado vinapinda.

Koo na tumbo. Kipande cha duara cha karoti ndicho umbo baya kuliko yote kwa mmezaji mdogo, kwani huziba koo kama kizibo. Mpe nzima au iliyopasuliwa kwa urefu. Kwa wengine wote hakuna hatari ya kutajwa.

Magonjwa. Osha, tupa chenye ukungu.

Lishe. Karoti haina kalori za kuhesabu. Michembe ina wanga na sukari, kwa hiyo si ya kumwaga bakuli zima.

Mfuko. Sokoni, bei ya sokoni.

Vinamfaa karibu kila mbwa. Tatizo ni kwamba mvunjaji huimaliza karoti kwa dakika moja na kurudi kwenye ndala zako.

Mpira wa kujaza chakula

Katika miaka ya 1970, Mmarekani aitwaye Joe Markham alikuwa na mbwa aliyeharibu meno kwa kutafuna mawe. Mbwa huyo alikichangamkia kipande cha mpira kutoka kwenye gari la Volkswagen, na hapo ndipo mpira wa KONG ulipoanzia. Naitaja hadithi hii kwa sababu inaeleza mantiki yote: kitu chenye nguvu ya kuhimili taya, lakini chenye ulaini wa kulinda jino.

Meno. Salama, ukichagua mpira unaobonyea kidoleni.

Koo na tumbo. Chagua mkubwa ambao hauwezi kuingia wote mdomoni, wenye matundu mawili. Wenye tundu moja huweza kuvuta hewa ukanasa ulimi. Ukiona umeanza kumeguka, utupe siku hiyohiyo, kwa sababu mpira hauyeyuki tumboni.

Magonjwa. Masalia ya chakula huchacha ndani. Uoshe kwa maji ya moto na sabuni kila baada ya matumizi.

Lishe. Unachojaza ndicho unachohesabu. Ugali uliopoa uliovurugwa na mchuzi wa nyama usio na chumvi wala vitunguu, ukajazwa na kugandishwa, humshughulisha mbwa muda mrefu sana. Siagi ya karanga inafaa, lakini soma lebo usikute zailitoli, sukari mbadala inayoshusha sukari ya damu ya mbwa kwa ghafla na kuharibu ini. Ya kienyeji iwe ya karanga safi, kwani sumukuvu ya karanga zenye ukungu huua mbwa.

Mfuko. Bei yake inauma siku ya kununua, lakini mmoja mzuri hudumu.

Unamfaa mbwa anayebaki peke yake, na mmezaji kuliko wote.

Kijiti cha meno cha dukani

Meno. Hiki kimeundwa kwa kazi ya meno, na baadhi zimethibitishwa. Tafuta alama ya VOHC, baraza la afya ya kinywa cha wanyama lililoanza mwaka 1997, ambalo hupitia ushahidi wa majaribio kabla ya kutoa alama yake. Hata hivyo kijiti hakichukui nafasi ya mswaki.

Koo na tumbo. Huyeyuka vizuri kikitafunwa. Kikimezwa kizima faida yote inapotea na hatari inabaki. Nunua saizi ya uzito wa mbwa wako, usinunue kubwa "ikae zaidi".

Magonjwa. Hatari ndogo, kama pakiti imefungwa vizuri na tarehe haijapita.

Lishe. Kalori zimeandikwa kwenye pakiti, zitoe kwenye mlo.

Mfuko. Ghali kwa matumizi ya kila siku, na nje ya miji mikubwa ni nadra.

Kinamfaa mbwa wa ndani, mdogo au wa kati, anayeanza kuwa na ukoga na asiyekubali mswaki.

Kwa hali yako

Mbwa wa ulinzi anayefungiwa peke yake mchana apewe mpira uliojazwa na kugandishwa, na kingine chochote asiachiwe. Kano na mifupa ni vya jioni, mkiwa pamoja.

Mtoto wa mbwa mwenye miezi mitatu hadi sita, anayedondosha meno ya kwanza, anatosheka na karoti baridi, mpira laini wa watoto wa mbwa, au kitambaa safi kilicholowekwa na kugandishwa, huku ukimwangalia asikichane. Fimbo na mifupa vingoje meno ya ukubwani, ambayo huwa yametimia karibu na miezi saba.

Mvunjaji mkubwa, jamii ya Boerboel au German Shepherd, mpe kano nene au mpira wa kujaza ulio mgumu zaidi kati ya aina zinazouzwa. Huyu ndiye anayevunja meno kwa mfupa wa paja, ingawa watu humwona kama ndiye anayestahili.

Mbwa mzee, au mwenye jino linalotikisika, apewe michembe iliyolowekwa na mapupu yaliyochemshwa. Mnene apewe karoti. Mwenye kongosho bovu asipewe uboho wala masikio.

Ukiwa na mbwa wawili au watatu, kila mmoja apewe chake mahali pake, mlango ukiwa umefungwa. Anayeogopa kunyang'anywa humeza, hata kama kwa kawaida ni mpole.

Nyumba yenye mtoto anayetambaa, mjamzito au mtu mwenye kinga dhaifu iachane na mfupa mbichi kabisa, na pia na masikio makavu. Na popote ulipo, kama mbwa wako hugusa machinjio au hula nyama mbichi, mwombe daktari wa mifugo ratiba ya dawa ya minyoo yenye prazikwanteli, kwani ndiyo inayompiga tegu.

Walio Ulaya au Marekani watakuta dukani pembe za kulungu na jibini gumu la maziwa ya yaki, ng'ombe wa manyoya marefu wa milima ya Asia. Ukucha ule wa dole gumba utumike hapo pia, na vingi kati ya hivyo havitapita.

Na kama ameshameza kitu, usimtapishe kwa chumvi wala kwa mafuta: chumvi nyingi ni sumu kwake, na kichane kinachorudi juu huchana koo mara ya pili. Akikwaruza mdomo kwa miguu huku ufizi ukibadilika kuwa wa bluu, fungua kinywa na utoe kinachoonekana, kisha mkimbize. Akitapika mara kwa mara, akikataa chakula, akijikunyata tumbo, akijikamua bila kutoa choo au akitoa damu, usisubiri kesho. Mpigie daktari, mwambie alikula nini, kikubwa kiasi gani na saa ngapi, na kama kimebaki kipande, nenda nacho.